Mkono Kati ya Taa na Karatasi

Wimbi ambalo Gustave Le Gray alilipiga picha mwaka 1857 huko Sète, kusini mwa Ufaransa, halikuwahi kukutana na mawingu yaliyo juu yake. Bahari ilitoka kwenye negativu moja, anga likatoka kwenye nyingine iliyopigwa wakati mwingine, na fundi huyo akaziunganisha kwenye karatasi moja kwa kuufuata mstari wa upeo wa macho. Watazamaji wa Paris na London walistaajabu kuona maji na mawingu vimeiva pamoja katika picha moja. Le Gray alikuwa amesomea uchoraji kabla ya kushika kamera, na mkono wa mchoraji unajitokeza: katika picha zake kadhaa, mawingu yaleyale yametanda juu ya bahari tofauti.

Hakufanya hivyo kwa hila. Alikuwa akipambana na ukaidi wa dawa. Vioo vya enzi hiyo, vilivyopakwa kolodioni kwa njia aliyoitangaza Mwingereza Frederick Scott Archer mwaka 1851, vilinasa mwanga wa buluu upesi mno, vikanasa kijani na njano kwa shida, na nyekundu havikuiona kabisa. Mpiga picha akisubiri hadi nchi kavu au maji yajiandike vizuri, anga lilikuwa limeshapata mwanga wa kupindukia na kubaki jeupe tupu. Akiwahi kufunga lenzi ili aokoe mawingu, chini kote kulikuwa giza. Jicho la binadamu halina taabu hiyo. Linatazama juu, linatazama chini, na kila mara linajirekebisha lenyewe. Kilichobaki ni kuigawa picha vipande na kukipa kila kipande haki yake.

Enzi hizo ndipo ilipoanza kazi ambayo leo mamilioni ya watu huifanya kwa kidole kwenye kioo cha simu: kuchagua sehemu moja ya picha, au rangi moja, na kuirekebisha bila kuigusa iliyobaki. Wengi huidhania kuwa mtoto wa kompyuta. Ukweli ni kwamba kompyuta iliikuta kazi hii ikiwa na zaidi ya miaka mia moja, ina vifaa vyake, mafundi wake na kesi zake.

Upofu wa dawa kwa rangi nyekundu haukuishia kwenye anga. Ngozi ya binadamu, iwe ya Mzungu au ya Mwafrika, hurudisha mwanga mwekundu na wa njano mwingi kuliko wa buluu. Mbele ya vioo vile, madoadoa ya Mzungu mwenye nywele nyekundu yalitoka kama masizi, na ngozi ya maji ya kunde ilitoka nyeusi kuliko ilivyokuwa. Anayezitazama picha za karne ya 19 zilizopigwa Unguja au Bagamoyo anapaswa kulikumbuka hilo. Watu wale hawakuwa na giza lile usoni. Ni kamera iliyoshindwa kuwaona sawasawa. Mwaka 1873 Hermann Wilhelm Vogel, aliyekuwa akifundisha Berlin, aligundua kwamba ukiongeza rangi maalumu kwenye dawa, kioo huanza kuiona kijani na njano. Nyekundu ilichelewa, vioo vinavyoziona rangi zote viliingia sokoni katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20.

Tangu kabla ya Vogel, penseli ilikuwa ikiziba pengo. Mwaka 1855, kwenye maonesho makubwa ya Paris, Franz Hanfstaengl wa Munich aliwaonesha watu picha moja katika hali mbili: kabla na baada ya negativu yake kuguswa kwa mkono. Siri yenyewe ni nyepesi kuieleza, ngumu kuitenda. Kwenye negativu kila kitu kimegeuka, cheupe ni cheusi na cheusi ni cheupe, kwa hiyo kunyanzi la usoni huonekana kama mstari mwembamba unaopitisha mwanga. Fundi huichonga penseli hadi ncha iwe kali kama sindano, akaujaza mstari ule kwa vidoti vidogo vidogo, na picha inaposafishwa kunyanzi limelainika. Tangu hapo hakuna studio ya maana iliyokosa meza ya kuchorea negativu, yenye kioo kilichoinamishwa na mwanga unaopenya kutoka nyuma.

Lakini moyo wa kazi ulikuwa ndani ya chumba cha giza, chini ya mashine ya kukuzia picha. Tuseme picha ni ya bibi harusi aliyesimama mlangoni, gauni jeupe, uso kivulini. Fundi amepima na kuona karatasi inahitaji sekunde 20 za mwanga. Akiiacha ipate sekunde 20 kila mahali, uso utakuwa mweusi usioonesha kitu na gauni halitakuwa na mkunjo hata mmoja. Basi anachukua kipande cha kadibodi cha ukubwa wa sarafu, kimefungwa kwenye ncha ya waya mwembamba. Taa inawaka. Kwa sekunde sita anaishika kadibodi ile juu ya kivuli cha uso, akiichezesha mfululizo, maana akituliza mkono kutabaki duara lenye ukingo unaosema wazi kwamba mtu amepita hapo. Sekunde 20 zikiisha, anachukua kadibodi nyingine kubwa yenye tundu katikati, au anakunja viganja vyake viwili hadi vibakize upenyo, na kulimwagia gauni sekunde 15 za ziada.

Wakati wote huo karatasi inabaki nyeupe. Hili ndilo jambo ambalo watu wa kompyuta hawalijui: fundi alikuwa akichora asichokiona. Karatasi ya picha haioni nyekundu, ndiyo sababu taa ya chumba ikawa nyekundu, na picha haijitokezi mpaka karatasi izamishwe kwenye dawa. Ndipo anapojua kama uso umetoka au umepauka. Kama umepauka, anaanza upya na karatasi mpya. Walikuwapo waliosugua sehemu fulani ya picha ndani ya dawa kwa vidole vyenye joto ili ikolee zaidi. Mmarekani W. Eugene Smith, aliyepiga picha za jarida la Life, alikuwa maarufu kwa kupaka dawa ya kung'arisha kwenye sehemu alizotaka ziamke, mboni ya jicho au ukingo wa shavu, baada ya picha kuwa tayari.

Aliyeigeuza kazi hii kuwa somo lenye kanuni ni mpiga picha Mmarekani Ansel Adams. Yeye na Fred Archer, walipokuwa wakifundisha Los Angeles, kati ya mwaka 1939 na 1940, walipanga ngazi za mwangaza kuanzia 0, weusi mtupu, hadi 10, weupe mtupu, ili mpiga picha ajue kabla ya kubonyeza kila sehemu ya mandhari itaangukia ngazi ipi. Picha yake ya mwezi ukichomoza juu ya kijiji cha Hernandez, New Mexico, ilipigwa mwaka 1941. Jua lilikuwa linazama, misalaba ya makaburini bado inang'aa, na kipima mwanga hakionekani kilipo. Adams alikadiria kwa kuukumbuka mwangaza wa mwezi tu, akapata negativu moja, na nuru ikaondoka. Mwaka 1948 aliirudisha sehemu ya chini ya negativu ile kwenye dawa ili kijiji kipate nguvu zaidi. Nakala za mwanzo zina anga la kijivu lenye mawingu mepesi. Za miaka ya baadaye zina anga jeusi kabisa. Adams, ambaye ujanani alijifunza piano, alipenda kusema kwamba negativu ni kama muziki ulioandikwa, na kuisafisha picha ni kuupiga muziki huo.

Rangi nazo zilianza kwa mkono, kwa brashi juu ya picha isiyo na rangi. Mwaka 1842 Richard Beard alikuwa na hataza ya kupaka rangi picha huko Uingereza, na katika miaka ya 1860 studio ya Felice Beato mjini Yokohama iliuza picha za Japani zilizopakwa rangi kwa ustadi wa hali ya juu. Kadi za posta za Zanzibar za mwanzoni mwa karne ya 20 zilipitia mikono ya aina hiyo. Picha zilipigwa na studio kama ya familia ya Gomes, Wagoa waliofanya kazi Unguja tangu karne ya 19, lakini kadi nyingi za enzi hiyo zilichapishwa Ulaya, na aliyeamua rangi ya kanga au ya mlango hakuwa amekanyaga Forodhani.

Pwani yenyewe ilikuwa na mafundi wake. Capital Art Studio ya Ranchhod Oza ilifunguliwa Zanzibar mwaka 1930. Lamu, Omar Said Bakor, aliyejifundisha mwenyewe, alizikata picha kwa mkasi, akazipanga, akazibandika na kuzipiga upya hadi mteja wake akajikuta ndani ya ulimwengu ambao hakuna kamera ingeweza kuuona. Fundi wa picha zisizo na rangi alizisafisha mwenyewe, chumba cha nyuma, na alimjua mteja wake. Sura ya mtu mweusi ikihitaji sekunde mbili pungufu, alizipunguza. Uwezo huo ulikuwa mkononi mwake.

Rangi za kiwandani ziliuondoa.

Filamu ya rangi ilipofika kwa watu wa kawaida, kazi ya kusafisha ilihamia kwenye mashine, na mashine ilijua kurekebisha picha nzima tu: punguza wekundu kote, ongeza mwangaza kote. Haikujua shavu wala gauni. Ili ijue rangi sahihi ni ipi, maabara zilipewa picha ya kupimia, na tangu miaka ya 1950 Kodak walisambaza kadi yenye mwanamke wa Kizungu aliyevaa nguo za rangi kali. Wa kwanza alikuwa mfanyakazi wao aliyeitwa Shirley, na jina likabaki kwa kadi zote zilizofuata. Rangi ya ngozi ya Shirley ikitoka vizuri, mashine imekaa sawa. Mtafiti wa Canada Lorna Roth, aliyeichimbua historia hii, ameonesha yaliyowapata wengine: katika picha za darasa zenye watoto weupe na weusi waliokaa pamoja, weupe walitoka na sura zao, na weusi walitoka macho na meno. Wazazi walilalamika. Msukumo uliowafanya wahandisi wa Kodak kuishughulikia kahawia kwa bidii, kwa mujibu wa utafiti wake, ulitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliochoka kuona bidhaa zao hazitofautiani kwenye matangazo. Kadi zenye wanawake wa asili mbalimbali zilikuja katika miaka ya 1990. Mwishoni mwa miaka ya 1970, mtengeneza filamu Jean-Luc Godard alipoalikwa Msumbiji, alikataa kutumia filamu ya Kodak akisema ina ubaguzi ndani yake.

Ni jambo la kuuma. Kwa miongo kadhaa, albamu za Waafrika zilijaa nyuso zilizozama gizani, na wengi walijilaumu wenyewe au kumlaumu mpiga picha, huku tatizo limechanganywa ndani ya dawa tangu kiwandani. Ndiyo maana anayesema kwamba kurekebisha sehemu ya picha ni kuiharibu asili yake ajiulize kwanza asili hiyo ilipangwa na nani, na kwa kumtazama nani.

Wakati huohuo, kwenye viwanda vya uchapaji, uwezo wa kuchagua rangi ulikuwa ukirudi kwa njia nyingine. Mashine kubwa za kuchanganua picha kwa ajili ya majarida ziliweza kuongeza au kupunguza wino ndani ya rangi moja peke yake: toa wino wa samawati kwenye nyekundu tu, ili nyanya ikolee na majani yabaki yalivyo. Mitambo hiyo ilikuwa ya gharama kubwa na ilifanya makubwa. Mwaka 1982, jarida la National Geographic lilitumia mtambo wa kompyuta kuyasogeza mapiramidi ya Giza yakaribiane ili yaenee kwenye jalada la mwezi Februari, na mjadala uliozuka haujaisha mpaka leo.

Kisha wakaja ndugu wawili wa Michigan. Baba yao, Glenn Knoll, profesa wa chuo kikuu, alikuwa na chumba cha giza chini ya nyumba yao mjini Ann Arbor, na humo Thomas alijifunza kusafisha picha. Mwaka 1987, akiwa mwanafunzi wa udaktari, Thomas aliandika programu ndogo ya kuifanya kompyuta ya Macintosh Plus, iliyojua nyeusi na nyeupe tu, ioneshe kijivu. Mdogo wake John, aliyefanya kazi katika kampuni ya mbinu za sinema ya Industrial Light & Magic, aliona mara moja kitu hicho kinaweza kufika wapi. Adobe wakaichukua, na Februari 1990 toleo la kwanza la Photoshop likatoka.

Atazamaye pembeni mwa dirisha la programu hiyo hata leo ataona alama mbili ndogo: kijiti chenye kiduara nchani, na mkono uliokunjwa ukabakiza upenyo. Ni kadibodi ile ya waya na viganja vile vya fundi. Karibu navyo kuna sponji, ya kukoza au kufifisha rangi mahali pamoja. Mwaka 1994 ziliongezwa tabaka, na mwaka 1996 tabaka za marekebisho, zinazokaa juu ya picha bila kuiharibu. Mtumiaji hupaka nyeusi pale asipotaka badiliko lifike na nyeupe pale anapolitaka. Kosa halihitaji tena karatasi mpya.

Urahisi huo ulionesha meno yake mapema. Juni 1994, nyota wa zamani wa mpira wa Kimarekani O. J. Simpson alipokamatwa kwa tuhuma za mauaji, majarida ya Time na Newsweek yaliweka jaladani picha ileile ya polisi. Newsweek waliiacha ilivyo. Kwenye jalada la Time, msanii Matt Mahurin alikuwa ameitia giza, ngozi ikawa nyeusi zaidi na kingo zikafifia. Majarida hayo yalikaa bega kwa bega kwenye meza za wauzaji, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Mtu ambaye hajahukumiwa alikuwa ameongezwa weusi ili aonekane wa kuogofya. Mhariri wa Time, James Gaines, alilazimika kuwaandikia wasomaji akikana nia ya ubaguzi. Nia iwayo yote, jalada lile lilitumia giza la ngozi kama ushahidi, na hilo ni kosa ambalo hakuna sanaa ya kulitetea.

Wasimamizi wa picha za habari wamekuwa wakiutafuta mpaka tangu hapo. Mwaka 2010 mashindano ya World Press Photo yalimwondoa Stepan Rudik, aliyepata tuzo kwa picha za mapigano ya mitaani mjini Kiev. Alikuwa ameipunguza picha pande zote, ameitoa rangi, amekoza vivuli. Yote hayo yalikubalika. Kilichomponza ni ncha ya mguu wa mtu wa nyuma aliyoifuta. Miaka mitano baadaye mpaka ulibana zaidi: asilimia 20 ya picha zilizofika hatua ya kabla ya mwisho ziliondolewa, nyingine kwa sababu giza lilikuwa limeongezwa hadi vitu vikamezwa na kutoweka. Sheria hiyo ina mantiki. Kukiangaza kilichokuwapo ni kusafisha picha. Kukizamisha hadi kisionekane ni kukifuta, hata kama hakuna kilichokatwa.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki, kazi hii ilifika mikononi kupitia simu. Kampuni ya Nik Software ilikuwa imebuni njia ya kuchagua bila kuchora mpaka: unagusa nukta, na programu inatafuta pembezoni mwake kila kinachofanana nayo kwa rangi na mwangaza. Mwaka 2006 njia hiyo iliingia kwenye programu ya Nikon, na mwaka 2011 kwenye Snapseed, programu ya kurekebisha picha. Google waliinunua Nik mwaka 2012, wakaifanya Snapseed kuwa ya bure. Leo mpiga picha wa harusi hugusa shavu la bwana harusi, akatanua vidole viwili, na eneo lililoshikwa likajionesha kwa wekundu. Akitelezesha kidole kulia, uso unafunguka, kanzu haiguswi.

Programu nyingine huchagua kwa rangi badala ya mahali. Huitenga picha katika mafungu manane au zaidi, nyekundu, chungwa, njano na kuendelea, kila moja na vitelezo vyake. Ngozi za watu wote, kuanzia iliyopauka hadi iliyo nyeusi tii, huangukia zaidi kwenye fungu la chungwa. Anayelijua hilo anaweza kuurudisha uso uliopauka kwa mwanga wa taa za ukumbini. Anaweza pia kuupandisha mwangaza wa chungwa hadi bibi harusi wa Tandika atoke mweupe kuliko alivyozaliwa, na kazi hiyo inafanyika kila Jumamosi. Ni mkorogo usio na mkebe. Mpiga picha anayeuchanganya bila kuombwa anamwambia mteja wake kitu kibaya kuhusu uso wake.

Sasa maamuzi mengi hufanywa kabla kidole hakijagusa chochote. Simu huitambua sura, ikaitenga na mandhari na kuipa mwanga wake yenyewe. Kampuni ya Transsion ya Shenzhen ilijijengea soko la Tecno barani Afrika kwa sehemu kwa kuzipanga kamera zake ziupe uso mweusi mwanga wa kutosha. Google walitangaza mpango wao wa kurekebisha rangi za ngozi pamoja na simu ya Pixel 6 mwaka 2021, na mwaka uliofuata wakaanza kutumia kipimo cha ngazi 10 za ngozi kilichotungwa na Ellis Monk, mwanasosholojia wa Harvard. Simu nyingi bado zinakuja na modi ya urembo inayolainisha na kung'arisha uso pasipo kuuliza. Kuizima huchukua sekunde chache, na mpiga picha yeyote wa mtaani anaweza kumwonesha mteja wake ilipo.